Kihispania Kiishie Getini: Maisha ya Muuguzi Teodora Malimi

Baba Paroko, ndugu zetu wa Magu na wa hapa Kiseke, wakwe, majirani, wauguzi mliokuja na sare zenu, na nyote mliokaa juani kwa sababu turubai halikutosha, familia inawashukuru kwa kufika. Mimi ni Nestory Malimi, mdogo wake marehemu, mwalimu mstaafu, na nimeteuliwa kusoma historia ya dada yetu, si kwa sababu ninajua kusoma kuliko wengine, bali kwa sababu nina sauti kubwa na inasemekana silii mbele za watu, ingawa hilo la pili tutalithibitisha leo. Niseme mapema kwamba sehemu moja ya historia hii baadhi ya wazee walishauri iachwe, wakisema mambo ya chumbani kwa mgonjwa hayasomwi kwenye turubai, lakini mume wa marehemu, shemeji yangu Yakobo Masele, ameagiza isomwe yote kama ilivyo, na mfiwa akishasema, sisi wengine tunasoma.

Marehemu Teodora Malimi alizaliwa tarehe 9 Novemba 1959 katika kijiji cha Igunguli, mwambao wa ziwa, eneo ambalo leo ni wilaya ya Magu, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Malimi Chenge, mkulima wa pamba, na Mama Kija, ambao wote wametangulia. Misibani tumezoea kusema kwamba marehemu alikuwa mtoto mpole, mimi sitasema hivyo, maana wapo hapa watu waliocheza naye na watanicheka, dada alikuwa mbishi, alikuwa muulizaji, na mama alikuwa akilalamika kwamba ukimtuma Teodora chumvi utaeleza kwanza chumvi hiyo ni ya nini. Nyumbani tulisema Kisukuma peke yake, Kiswahili tulikikuta shuleni, na alipokipata hakukaa nacho mwenyewe, kila jioni wakati wa kuchambua mboga alimfundisha mama maneno mawili matatu, kichwa, kiuno, kizunguzungu, ili mama akienda zahanati ajieleze mwenyewe badala ya kuelezewa na mtu aliyemkuta njiani.

Alianza masomo katika Shule ya Msingi Igunguli mwaka 1967 na kuhitimu mwaka 1973, akachaguliwa kuendelea na sekondari ya wasichana, shule ya bweni, kuanzia 1974 hadi 1977, na mwaka 1978 akajiunga na chuo cha uuguzi hapa Mwanza, alikohitimu Juni 1981 akiwa na cheti cha uuguzi na ukunga. Baba aliuza pamba ya msimu ule akanunua mbuzi wawili, mmoja tukamla siku ya mahafali, mwingine akakimbia usiku na hatukumwona tena, jambo ambalo dada alilisimulia mpaka uzeeni akidai kwamba mbuzi yule ndiye pekee aliyeelewa maana ya sherehe.

Kazi aliianza Agosti 1981 katika hospitali ya serikali, wodi ya wazazi, na Februari 1988 akahamia Kituo cha Afya cha Mtakatifu Rafaeli, kilichokuwa chini ya masista wa Kihispania kule kule kwetu Igunguli, na hapo ndipo lilipoanza jambo lililomfanya ajulikane. Kila mwaka alikuja daktari mpya kutoka Hispania, kijana, mwenye moyo, asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji ya kunywa, na alipokuwa ndiyo kwanza anaanza kukielewa muda wake ulikuwa umekwisha, akaondoka, akaja mwingine, tukaanza upya. Aliyewasemea wote hao alikuwa Sista Maravillas, ambaye watu wa Igunguli walimwita Sista Mara kwa kuwa jina zima liliwashinda, mtawa aliyesema Kiswahili chenye lafudhi ya Kisukuma kuliko sisi wenyewe, lakini Sista Mara alikuwa mmoja tu, na siku moja ya mwaka 1991, akiwa amekwenda mjini kufuata dawa, akaletwa mama mwenye uchungu wa muda mrefu, mtoto amekaa vibaya tumboni, daktari anaagiza hiki, muuguzi anaelewa kile, wakawa wanapungiana mikono kama watu wanaoitana kutoka mitumbwi miwili. Mama yule na mtoto wake walitoka salama, ila Teodora hakuridhika, na kesho yake alimfuata Sista akamwambia, “Sista, nifundishe hicho Kihispania, mimi sitaki tena kubahatisha na mtu yuko kitandani.”

Walijifunzia chumba cha kufulia, wakikunja mashuka ya wodi, Sista ameshika pembe mbili na Teodora mbili, na kila shuka lilikuwa na neno lake. Kwa kuwa haja ilikuwa ya kazi, alianzia mahali ambapo mwanafunzi wa lugha haanzii, alijua kuuliza damu imeanza lini, maumivu yanachoma au yanavuta, mkojo una rangi gani, kabla hajajua kusema habari za asubuhi, na kwa muda mrefu daktari akimsalimia kwa heshima yeye alimjibu kwa kumuuliza kama amepata choo. Hakuona aibu, alisema wagonjwa hawaji kusikiliza sarufi, na kidogo kidogo lugha ile ikamkaa mdomoni, mpaka masista wenyewe wakawa wanamwachia kliniki nzima wakaenda kusali.

Lakini alijifunza pia kwa machungu. Mwaka 1992 aliletwa mzee mmoja anayeumwa tumbo, daktari akauliza anajisikiaje, Teodora akauliza, mzee akajibu jinsi alivyolelewa, nzuri tu, Teodora akalipeleka jibu lile kwa daktari kama lilivyo, na mzee akaruhusiwa na vidonge vya minyoo. Jioni ile ile alirudishwa juu ya baiskeli, tumbo limekuwa gumu kama ubao, akapasuliwa, akapona kwa shida sana. Sisi tunajuana, mtu wa kwetu akiulizwa habari ni lazima aseme nzuri kwanza, hata kama ametoka kuzika, ndipo aseme ila, na yule mzee hakuachiwa nafasi ya kufika kwenye ila yake. Dada aliumia, alikwenda kumwomba radhi mzee kitandani, na kuanzia hapo akaweka utaratibu wake, kwamba salamu ziachwe zimalizike zote, za watoto, za ng'ombe na za mvua, daktari asiandike chochote, kisha aulize upya. Madaktari wale waliuzoea, wakawa wanakaa kimya kalamu imeinuliwa, wakisubiri ila.

Mwaka 2001 alihamia hapa Mwanza, akawa mratibu wa timu za madaktari bingwa kutoka Hispania waliokuja kila mwaka kupasua watoto wenye mdomo sungura na wazee wenye mtoto wa jicho, na siku za Jumamosi aliwafundisha wauguzi vijana Kihispania cha wodini, wengi wao ndio hawa niwaonao pale nyuma na sare zao. Alistaafu kwa heshima tarehe 9 Novemba 2019, siku aliyotimiza miaka sitini.

Kuhusu ndoa, marehemu alikutana na Yakobo Masele mwaka 1982, Masele akiwa fundi mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba, alipoletwa hospitali amekatwa vidole viwili na mkanda wa mashine, na inasemekana alirudi kubadilishiwa bandeji hata baada ya kidonda kufunga. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi ya tarehe 24 Septemba 1983 huko Magu, wakajaliwa watoto watatu, Selina aliyezaliwa 1984, Shimba aliyezaliwa 1987, na Wilhelmina aliyezaliwa 1992, na hadi anafariki ameacha wajukuu sita. Shemeji yangu ni mtu wa maneno machache na misimamo mingi, aliwahi kugombana na mafundi wenzake msimu mzima kwa sababu ya namna ya kukaza boliti, na wala hakubali mpaka leo kwamba alikosea.

Sasa nafika kwenye lile wazee walilotaka liachwe. Mwaka 1993, siku ya ubatizo wa Wilhelmina, masista na daktari wao walialikwa nyumbani, na Teodora akawa anapita katikati yao akiongea nao Kihispania, wanacheka, anacheka, amefurahi kuliko tulivyozoea kumwona, na fundi mmoja mwenzake Masele akamgeukia akamuuliza, “Mkeo anachekea nini?” Masele hakujua. Mtu na mke wake, nyumbani kwake, na hajui anachekea nini, na wenzake wamemtazama wakisubiri jibu. Wageni walipoondoka alitoa amri, akasema Kihispania ni cha kazini, kiishie kwenye minyaa, maana wakati ule uzio wa nyumba yao ulikuwa wa minyaa, na walipojenga hapa Kiseke amri ikahamia na mizigo mingine, Kihispania kikawa kinaishia getini.

Teodora mbishi, Teodora muulizaji, amri hii aliitii. Majirani wa Kiseke mtanishuhudia, mlimwona amesimama nje ya geti juani, simu sikioni, akiongea na Sista Mara aliyekuwa ameshastaafu na kurudi kwao Valladolid, anacheka peke yake pale karibu na genge la Mama Winnie, kisha anakata simu, anafuta machozi ya kicheko, anafungua geti, anaingia ndani akiwa mtu wa Kiswahili na Kisukuma. Niliwahi kumuuliza kwa nini anakubali kuonewa namna ile, akanijibu kwamba Yakobo haogopi Kihispania, anaogopa kuachwa nyuma, na mtu anayeogopa hasukumwi. Ila nilimwona anaumia. Alikuwa na jambo zuri maishani ambalo mume wake hakutaka kulijua, na alilibeba peke yake kwa miaka mingi.

Afya ya marehemu ilikuwa njema mpaka Jumapili ya tarehe 16 Julai 2023, alipotoka misa ya kwanza, akaketi kuvua viatu, na akashindwa kuvua cha kulia. Alipelekwa hospitali ya rufaa, ikathibitika kuwa ni kiharusi, upande wa kulia wote ulikuwa umelegea na sauti imepotea, akalazwa mpaka mwezi wa nane aliporuhusiwa kurudi nyumbani, na ilikuwa akiwa nyumbani ndipo sauti iliporudi. Ilirudi na Kihispania.

Wapo waliosema ni mapepo, wapo walioleta mafuta ya upako, na yupo ndugu yetu mmoja, simtaji na hapa yupo, aliyetaka tumpeleke kwa mganga usukumani ndani. Madaktari walitueleza kwa subira kwamba kiharusi huweza kupiga lugha moja kuliko nyingine, kama nyumba ambayo taa za vyumba viwili zimezimika na cha tatu kinawaka, kwamba Kiswahili anakisikia na kukielewa chote, ila akitaka kukisema hakitoki, kinachotoka ni kile alichojifunza ukubwani. Kitu kimoja tu kilibaki kwa Kiswahili, nacho ni salamu, kwa sababu salamu, walisema, haikai na maneno mengine, hutoka yenyewe. Ukimwambia shikamoo aliitikia marahaba, ukimuuliza habari za leo alijibu nzuri, kwa sauti yake ile ile, na hata tabasamu.

Na hapo tukajikwaa wote, wenye elimu na wasio nayo. Wageni waliingia, wakamsalimu, wakaitikiwa, wakatoka nje wakisema mama anaendelea vizuri, ameniitikia kabisa, kliniki aliulizwa habari za maumivu akajibu nzuri, ikaandikwa hana maumivu, na mumewe kila asubuhi alimuuliza umeamkaje, akajibiwa salama, basi akaamini yu salama. Zaidi ya hapo, shemeji yangu alijenga hoja yake mwenyewe, kwamba mtu anayeweza kuitikia salamu Kiswahili anakijua, ila ameamua, na kwamba ugonjwa umempa mkewe nafasi ya kuvunja amri ya nyumba. Teodora alipogeuzwa kitandani alisema maneno yake, tena kwa sauti ya juu, na Masele akamjibu, “Mama Selina, lugha hiyo tulishaelewana inaishia wapi.”

Mwezi Oktoba Selina alikuja kutoka Bukoba anakofundisha, akamwogesha mama yake mwenyewe, na alipomgeuza ubavu akakuta nyongani kidonda cha kulala kinachoingia ngumi ya mtoto. Tulirudi naye hospitali mbio, daktari akakisafisha, akauliza bila ukali wowote kama mgonjwa hakuwahi kulalamika. Tulitazamana sote, tukaanza kujibu kwamba hapana, alikuwa akisema nzuri, ndipo shemeji akatukatiza akasema, “Alisema. Kila siku alisema, mimi ndiye niliyemkataza.” Kisha akatoka nje ya wodi, na nilipomfuata nilimkuta amekaa chini kwenye sakafu ya korido, mzee wa miaka sabini na mitatu, kofia imefunika uso, watu wanamruka miguu.

Siku ile ile alimwomba Selina ampigie Sista Mara. Sista alikuwa na miaka themanini na minane, yuko katika nyumba ya masista wazee, anasikia kwa sikio moja, na alipoelezwa alilia kwanza, kisha akaingia kazini kama vile hajawahi kuiacha, akasema kwa Kiswahili chake cha Igunguli, “Bwana Masele, tutaanzia kwenye maumivu, mengine utayapata ukipona kiburi.” Neno la kwanza alilomfundisha lilikuwa dónde te duele, yaani unaumwa wapi, la pili maji, la tatu polepole, la nne nakugeuza sasa, na kila asubuhi baada ya chai shemeji alikaa uani na simu yake mezani, ameiegemeza kwenye birika, anarudia maneno kwa sauti mpaka kuku wakahama, na mimi nilipomwambia akapumzike alinifukuza akisema nisimtoe kwenye somo.

Mara ya kwanza kwenda kuyasema kwa mkewe alivaa shati la Jumapili. Alisimama kando ya kitanda, akakohoa, akauliza dónde te duele, na kwa ulimi wa Kisukuma ile l ikatoka r kama ilivyopenda yenyewe, na Teodora akacheka, akacheka mpaka tukaogopa, ilikuwa mara ya kwanza tangu Julai. Safari hii Masele alijua anachekea nini. Halafu akamjibu, akamwonyesha kwa mkono mzima, nyonga, bega, kisigino, na tumboni upande ambao hakuna mtu aliyejua kuwa unamuuma, na Masele akavisogeza vile vyote kimoja kimoja kama alivyofundishwa, bila kuburuta.

Kuanzia hapo alichukua uuguzi mikononi mwake. Shangazi zetu na mke wa Shimba walimwambia si jambo la mzee kumwogesha mke wakati wakamwana wapo, kwamba watu watasema, akawasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akaingia chumbani na beseni, akafunga mlango. Kidonda kilifunga kabisa mwezi Februari 2024, na jioni zilizofuata mliwaona wamekaa nje, tena si ndani ya geti, nje yake, yeye kwenye kiti cha magurudumu na mzee kwenye kigoda, wanaongea Kihispania. Nisiwadanganye kwamba yalikuwa mazungumzo makubwa. Shemeji hakuwa na maneno ya kumsifia wala ya kumwomba msamaha, Sista hakumfundisha hayo na yeye hakuthubutu kuyaomba, alikuwa na maneno ya wodini tu, una kiu, umepata choo, nikugeuze, unaumwa wapi, na ukiwasikia ungedhani ni daktari anapita raundi, lakini alivyouliza, na jinsi mkewe alivyomtazama akijibu, mimi niliyewajua tangu vidole vilipokatika, nilikuwa naona haya nikaaga mapema. Dada naye alijifunza ujanja, aliulizwa anaumwa wapi akaonyesha mgongo usiomuuma chochote, akasuguliwa.

Tarehe 4 Machi 2025 kiharusi kilirudi, kikafuatiwa na homa ya mapafu, akalazwa tena, na madaktari walipotueleza kwa uwazi kwamba wamefika mwisho wa uwezo wao, familia ilikubaliana arudi nyumbani. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Machi, alikuwa ametulia, Selina yupo, Wilhelmina yupo, mimi nipo mlangoni, na shemeji amekaa kitandani kwake, amemshika mkono ule wa kushoto uliokuwa na nguvu. Masele alikuwa analia. Hakutoa sauti, ila machozi yalikuwa yanashuka, na alikuwa hajui kwamba mkewe amefumbua macho. Teodora alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama wagonjwa maisha yake yote, kisha akamuuliza, taratibu, neno kwa neno ili aelewe, dónde te duele.

Shemeji alikuwa amejifunza kuuliza, hakujifunza kujibu, maana katika masomo yote yale mgonjwa hakuwa yeye. Selina alinyanyua simu amtafute Sista, baba yake akamzuia kwa kutikisa kichwa, akainama karibu na sikio la mkewe, akaanza kumjibu kwa Kiswahili. Alimwambia anapoumwa. Mliozoea kumwona Masele anasema maneno kumi kwa siku hamtaamini, aliongea kwa muda mrefu, alianza mbali sana, na sisi wengine tukatoka tukawaachia chumba, kwa hiyo aliyomwambia siwezi kuyasoma hapa na wala sitayauliza. Nilichokiona kabla ya kutoka ni kwamba dada alikuwa anasikiliza. Alifariki saa nne asubuhi, shemeji akiwa bado anaongea.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi wa hospitali ya rufaa kwa uvumilivu wao, kwa wauguzi wote aliowafundisha na kufanya nao kazi, kwa Bwana Mansukh na mkewe Bi Shanta wa Mabatini waliotuazima godoro la hewa na kukataa kulichukua tena, kwa Mama Winnie na majirani wote wa Kiseke mliopika, mliokesha na mliotuletea maji bomba lilipokatika, kwa Baba Paroko na jumuiya ndogondogo, na kwa Sista Maravillas, ambaye ametuma ujumbe kwamba leo saa hii ameomba kengele ya kwao Valladolid igongwe. Kwa yeyote ambaye sikumtaja, si dharau, ni macho ya mwalimu mzee na machozi, naam, nimeshindwa, mnaona wenyewe.

Shemeji amenituma neno moja la mwisho nilifikishe, kwamba asubuhi ile hakumaliza, alikuwa bado yuko katikati. Basi dada yangu Teodora, pumzika kwa amani ya Bwana, umewasikiliza wengi na umechoka, na yale yaliyobaki, wakati wake ukifika, mumeo atakuja kukueleza mwenyewe.